Mawazo Hayana Mwenyewe Mmoja: Uhakiki wa Msamiati wa Uchungu wa Moyo katika Kiswahili cha Kongo

1. Utangulizi

Ukimwuliza mtu wa Lubumbashi, wa Bukavu au wa Goma habari zake asubuhi ya siku ambayo hakupata usingizi, aghalabu atakujibu: «Niko na mawazo mingi.» Mwalimu wa sarufi atamsahihisha papo hapo: mawazo mengi. Akishasahihisha, atadhani amemaliza kazi yake. Makala haya yanadai kwamba kazi yenyewe hajaianza.

Katika sentensi ile fupi mna nadharia nzima juu ya uchungu wa moyo: unakaa wapi, umetoka wapi, na nani anaweza kuupunguza. Kando yake yameingia maneno mengine. Tangu vita vya 1996 na 1997, na vile vya 1998 hadi 2003, mashirika ya msaada na hospitali yametuletea kutoka Kifaransa neno ambalo tutaliandika hapa troma, kwa kufuata masikio ya wasemaji. Limefuatana na tromatize, yaani mtu aliyepatwa na troma, na depresioni. Kutoka vitabu na matangazo ya afya ya Tanzania limetufikia sonona. Tangu Goma ilipotwaliwa Januari 2025 na Bukavu Februari ya mwaka ule ule, maneno haya hayawezi tena kuitwa ya wataalamu peke yao. Yamo katika vinywa vya watu waliokimbia na vya wale waliowapokea.

Tungependa kuyahakiki maneno haya kama tunavyohakiki maneno ya mshairi, kwa kuuliza yanafanya kazi gani. Hoja yetu ni moja. Neno la uchungu lina thamani kwa kadiri linavyomwachia mwenye uchungu nafasi ya kusema, na kwa kadiri linavyomlazimisha msikilizaji kuuliza. Lile linalofunga mazungumzo linadhuru, hata likiwa sahihi katika kamusi ya tabibu.

2. Maneno ya kale na nadharia zake

Hakuna neno la uchungu lisilo na nadharia. Tutazame wazimu. Mzizi wake ni ule ule wa mzimu na mizimu, yaani roho za waliokufa. Anayesema «fulani ana wazimu» ametaja tayari chanzo cha ugonjwa, ajue asijue: kuna kitu kilichomwingia mtu huyu kutoka nje. Wasiwasi, lililotoka Kiarabu, lilikuwa mnong'ono, hasa ule wa Shetani katika moyo wa binadamu. Leo tunalitumia kwa hofu yoyote ndogo, lakini tukilisikiliza vizuri bado lina sauti ya mtu wa pili anayenong'ona sikioni. Dhiki, nalo la Kiarabu, ni wembamba wa mahali. Faraja ni kufunguliwa kwa mahali palipobana. Methali isemayo «baada ya dhiki faraja» huonekana kama ahadi ya wakati, yaani subiri na mambo yatakuwa mema. Kwa asili ya maneno yake ni picha ya mahali: mtu alibanwa, kisha akafunguliwa njia.

Maneno mengine yana tabia tofauti. Yanapenda vitenzi na viungo vya mwili: moyo umevunjika, roho inauma, moyo mzito, kukata tamaa. Tuangalie tofauti iliyopo kati ya kuvunjika moyo na kukata tamaa. Katika usemi wa kwanza kiambishi -ik- kinaonyesha hali iliyompata mtu bila kumtaja aliyeisababisha; moyo umevunjika kama chungu kilichoanguka. Katika usemi wa pili mtu mwenyewe ndiye mtenda: yeye ndiye aliyeshika kisu akakata. Kwa hiyo tunamwonea huruma aliyevunjika moyo, na tunamlaumu kidogo aliyekata tamaa. Huenda hali zao ni moja. Sarufi ndiyo iliyogawa huruma na lawama.

Kiswahili chetu kina pia neno kilio, ambalo katika Katanga ni jina la msiba wenyewe: mahali, siku, mikeka, chakula, na watu wanaokaa pamoja usiku kucha. Hapa lugha na desturi vimeshikana mikono. Aliyefiwa hana haja ya kueleza kwa nini analia. Neno moja limemtengenezea mahali pa kulilia na watu wa kulia naye. Lakini huzuni isiyo na maiti haina kilio. Mama ambaye nyumba yake imebaki nyuma ya mstari wa mapigano, mwanafunzi aliyeanguka mtihani wa mwaka wa mwisho, baba ambaye mshahara haujafika kwa miezi, mtu anayeamka na uzito usio na sababu: hawa wote wana uchungu bila mkeka. Lugha imewapa neno gani? Imewapa mawazo.

3. Mawazo, neno la Katanga

Katika Kiswahili sanifu wazo ni fikira moja, na mawazo ni wingi wake. Katika maisha ya kila siku wingi ule umepata maana ya pili, ya mzigo. «Ana wazo» ni sifa njema. «Ana mawazo» ni habari mbaya. Maana hii haiko Kongo peke yake, kwani hata Tanzania husemwa msongo wa mawazo. Lakini katika historia ya Katanga neno hili lina ukoo ambao wasomaji wa jarida hili wanapaswa kuukumbuka.

Mapema katika miaka ya 1950, kati ya wafanyakazi wa migodi wa Kolwezi na wake zao, lilizaliwa kundi la Kikatoliki lililoitwa Jamaa, chini ya uongozi wa Padre Placide Tempels, Mfransisko wa Ubelgiji ambaye mwaka 1945 alikuwa amechapisha La philosophie bantoue. Mafundisho ya Jamaa yalisimama juu ya maneno matatu ya Kiswahili: uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian, katika kitabu chake juu ya kundi hilo cha 1971, ameonyesha kwamba mawazo nayo yalikuwa neno la msingi katika lugha yao. Mawazo yalipitishwa kutoka kwa mtu hadi kwa mtu, mume na mke, padre na waamini. Kwa njia hiyo watu walikutana na kuzaana kiroho. Wazo lililobaki kwa mtu mmoja lilikuwa halijatimiza kazi yake.

Katika miaka ya 1970 tunaikuta desturi nyingine katika miji hiyo hiyo. Wachoraji wa Katanga, ambao maarufu kupita wote ni Tshibumba Kanda Matulu, waliuza picha zilizotundikwa ukutani katika vyumba vya kupokelea wageni, na picha hizo ziliitwa ukumbusho. Mojawapo ya zile zilizopendwa sana iliitwa Colonie belge: mfungwa anachapwa fimbo mbele ya mtawala, na wengine wanatazama. Kwa nini mtu anunue picha ya kuchapwa na kuitundika pale anapokunywa chai na wageni? Kwa sababu ilimfanya mgeni awaze, na akiwaza aulize, na akiuliza asimuliwe. Uchungu wa zamani haukufichwa chumbani, wala haukuitwa ugonjwa. Uliitwa ukumbusho, ukawekwa mahali ambapo watu ni wengi.

Hatusemi kwamba picha ziliponya watu, wala kwamba Jamaa ilikuwa hospitali. Tunasema tu kwamba anayetamka «niko na mawazo» katika mji wa Katanga anatumia neno ambalo limewahi kuwa na maana ya kitu cha kugawana. Maana ile haijafa kabisa. Inangoja msikilizaji.

4. Sikio lililotafuta neno lake

Kuna ushahidi wa kihistoria juu ya hasara ya kutosikia neno la mwenyeji. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani lilichapisha kitabu cha J. C. Carothers, aliyekuwa amesimamia hospitali ya Mathari huko Nairobi. Carothers aliandika kwamba ugonjwa wa huzuni kuu ni nadra kati ya Waafrika, na sababu aliitafuta katika maumbile na malezi yao. Aliwahesabu wale waliofikishwa hospitalini, na aliwasikiliza kwa masikio yaliyozoea mgonjwa wa Ulaya, yule anayejishtaki kwa dhambi na hatia. Aliyesema kwamba kichwa kinamwaka, au moyo unamdunda, au hana usingizi, hakuhesabiwa. Mwaka 1979 John Orley na John Wing walichapisha utafiti wa vijiji viwili vya Uganda, ambako watu waliulizwa nyumbani kwao. Walikuta hali hiyo kwa wingi kuliko kati ya wanawake wa mtaa mmoja wa London waliolinganishwa nao. Ugonjwa ulikuwapo wakati wote. Sikio ndilo lililokosekana.

Lugha za jirani zimetoa mafunzo mengine. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 nchini Rwanda, watu walitumia kitenzi guhahamuka, kinachohusu hofu ya ghafla na kukatika kwa pumzi, kwa kueleza yaliyowapata walionusurika. Hawakungoja neno kutoka nje. Nchini Zimbabwe Washona husema kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na mnyambuliko wake -isisa ni wa kuzidisha tendo. Neno hili liliingia mwaka 2013 katika mwongozo wa magonjwa ya akili wa madaktari wa Marekani, kama namna mojawapo ambayo watu hueleza mateso yao. Kabla ya hapo, mwaka 2006, daktari Dixon Chibanda alikuwa ameanza mjini Harare kazi inayojulikana kama benchi la urafiki. Wanawake wazee waliofunzwa hukaa benchini karibu na zahanati, wakimsikiliza mtu mwenye kufungisisa na kumsaidia kuchagua tatizo moja la kushughulikia kwanza. Sehemu ya kwanza ya mazungumzo yao inaitwa kuvhura pfungwa, kufungua fikira. Matokeo yaliyochapishwa 2016, ya watu 573 katika zahanati 24, yalionyesha kwamba baada ya miezi sita waliohudumiwa hivyo walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida.

Tusikosee kusoma habari hii. Neno peke yake halikuponya. Palikuwa na mafunzo, muda na benchi. Lakini jaribu kuwaza benchi lile likiwa na kibao kilichoandikwa kwa lugha ya kigeni jina la ugonjwa wa akili. Nani angeketi? Neno lilikuwa mlango, na mlango ulikuwa na urefu wa watu wanaoupita.

5. Sentensi nne

Turudi sasa kwetu. Tuchukue mtu mmoja mwenye hali moja: halali, hali vizuri, mambo aliyoyaona yanamrudia, kazi imemshinda. Anaweza kusema sentensi nne:

(a) Niko na mawazo.
(b) Mawazo yamenizidi.
(c) Nina sonona.
(d) Mimi ni tromatize.

Sentensi (a) inatumia uhusiano wa kuwa na kitu. Kilicho mkononi chaweza kuwekwa chini. Zaidi ya hayo, mawazo ni nomino ya wingi, na wingi hupungua: mawazo mengi, mawazo machache. Tena hudai kijalizo. Masikio ya Mswahili hayatulii mpaka yajue ni mawazo ya nini: ya mtoto, ya kodi ya nyumba, ya yale ya njiani. Jibu la asili kwa sentensi (a) ni swali: «Mawazo gani?»

Sentensi (b) imebadilisha mtenda. Sasa mawazo ndiyo yanayotenda, na mtu ni mtendwa. Msikilizaji makini anapaswa kushtuka anaposikia badiliko hili, maana msemaji ametangaza kwamba mzigo umekuwa mkubwa kuliko mbebaji. Sarufi imetoa kipimo bila karatasi wala kalamu.

Sentensi (c) ina heshima yake. Sonona ni kitenzi cha Kiswahili chenye maana ya kuumiza au kuumia moyoni, nacho kilikuwa na ndugu zake, sononeka na sononesha. Watunga istilahi wamekifanya nomino ili kipate kusimama mahali pa depresioni. Faida ni kwamba mtu anaweza kusema «ni ugonjwa, si uvivu, wala si uchawi». Hasara ni kwamba kitenzi kilipogeuka nomino kilipoteza viambishi vyake. Anayesema «ninasononeka» huulizwa: kwa sababu gani, tangu lini, umesononeshwa na nani? Anayesema «nina sonona» huulizwa kama amekwisha kuona daktari. Swali hilo ni jema, lakini ni moja tu, na anayeliuliza huwa ameukabidhi uchungu kwa mtu asiyekuwapo.

Sentensi (d) ndiyo inayotutia shaka kuu. Hapa hakuna kuwa na, kuna ni. Mtu amekuwa kitu chenyewe. Yapo mazingira ambamo jina hili linamsaidia: linamfungulia mlango wa huduma, linamwondolea lawama, linatangaza kwamba kosa ni la aliyemtenda. Lakini likirudi naye nyumbani hubadilika. Majirani hulitumia kama walivyotumia kichaa. Mtu atatuuliza: mbona tunasema «ni mgonjwa» bila madhara? Jibu letu ni kwamba mgonjwa ana kitenzi kinachomngoja mwisho wa safari, amepona, na watu hukiamini. Kwa kichaa hukitamka kwa shaka, na miaka kumi baadaye bado wanamwonyesha kidole: «yule aliyekuwa kichaa». Tromatize ameingia katika kundi hilo la pili. Hatujapata kusikia lugha yetu ikimtengenezea njia ya kutoka.

Jina zuri nalo halitoshi. Mirembe ni jina la hospitali kongwe ya akili mjini Dodoma. Vinywa vya watu wa Tanzania vimeligeuza kuwa tusi la kumwambia mwenzako kwamba akili zake si timamu. Mjini Goma kituo cha afya ya akili kilipewa jina Tulizo Letu. Kwa mtazamo wetu aliyechagua jina hilo alikuwa na sikio la lugha. Tulizo limetoka katika kitenzi kutuliza, kwa hiyo linataja kazi inayofanywa bila kumtaja anayefanyiwa. Letu linasema kwamba tulizo hilo ni la wote, daktari na jirani wakiwamo. Iwapo jina hili litabaki na uzuri wake au litafuata njia ya Mirembe, hilo litategemea vinywa vyetu.

6. Ushahidi wa riwaya

Fasihi ya Kiswahili imekwisha kulipima jambo hili. Euphrase Kezilahabi (1944–2020) alianza kazi yake na wahusika wawili waliojiua. Katika Rosa Mistika (1971), Rosa amelelewa na baba mlevi na mkali, anaingia maisha ya shule bila kinga, na mwishoni mwanamume aliyetaka kumwoa anamkataa kwa sababu ya yaliyopita. Wasomaji wengi wameisoma riwaya hii kama onyo juu ya malezi. Sisi tungeongeza kwamba ni riwaya juu ya jina. Watu wanaomzunguka Rosa wana maneno mengi ya kumwita, na hawana hata moja la kumwuliza. Huzuni yake inasomwa kama tabia yake. Hakuna mahali katika lugha ya kijiji au ya shule ambapo anaweza kusema «naumia» bila kusikika akisema «nimekosa».

Katika Kichwamaji (1974) tatizo limegeuka. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu anayesimulia habari zake mwenyewe, hakukosa maneno. Anaweza kujadili Mungu, maisha na kifo. Maneno aliyo nayo ni ya mjadala, na mjadala hutafuta mshindi. Anayesema «maisha hayana maana» kati ya wasomi hujibiwa kwa hoja. Kumbe labda alikuwa ameomba mkono. Hapa pana onyo kwetu sisi wa chuo kikuu. Elimu humpa mtu msamiati mpana wa kueleza uchungu kama fikra, na kwa njia hiyo humwezesha kuuficha vizuri kuliko mtu wa kijijini. Mwanafunzi wetu anayeandika insha nzuri juu ya utupu wa maisha anastahili alama zake. Anastahili pia mwalimu wa kumwita pembeni na kumwuliza amelala saa ngapi jana.

7. Upungufu wa neno mawazo

Mhakiki akiishia kusifu neno lake, amefanya kazi ya mpiga ngoma. Mawazo lina kasoro tatu, na ya kwanza ni kwamba ni jepesi mno. «Ni mawazo tu» ni sentensi iliyochelewesha wagonjwa wengi. Kijineno tu kinatosha kumrudisha nyumbani mtu aliyepaswa kupelekwa kwa mganga wa hospitali. Neno linalotumika kwa kodi ya nyumba na kwa hamu ya kufa pia linahitaji kupimwa kila linapotamkwa. Methali yetu imekwisha sema: mficha maradhi kifo humuumbua. Hapa istilahi ya ugonjwa ina haki yake kamili.

Kasoro ya pili ni kwamba mawazo huvutia amri. «Acha mawazo.» «Usiwaze sana.» «Jikaze.» «Piga moyo konde.» Amri hizi hutoka katika upendo, lakini zinadhani kwamba kuwaza ni tendo la hiari kama kuimba. Mtu aliyezidiwa akiamriwa kuacha, naye akashindwa, hupata mzigo wa pili: aibu ya kushindwa. Kwa wanaume amri hizi ni kali zaidi, maana konde linalopigwa moyo ni lao, na moyo ni wao.

Kasoro ya tatu ni kwamba neno hili linaweza kutumika kufunika dhuluma. Mwanamke aliyetendwa ukatili, ambaye jamaa zake wanasema ana mawazo bila kutaja tendo, ameibiwa mara ya pili. Neno troma, pamoja na kasoro zake zote, lilikuja likisema wazi kwamba jambo fulani lilitendeka na kwamba lilikuwa ovu. Tusilitupe kabla ya kujifunza ujasiri wake.

Inafaa kusema hapa kwamba maneno haya mawili si maadui kama yanavyoonekana. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanyika Kivu, wa wanawake 405 waliopatwa na ukatili wa kijinsia. Baadhi yao walipata msaada wa mtu mmoja mmoja. Wengine walikaa katika vikundi na kujifunza kutambua na kuchambua fikra zilizowatesa, kama ile ya kujilaumu kwa walichotendwa na wengine. Wale wa vikundi walipata nafuu zaidi. Tiba hiyo ilitungwa Marekani, na jina lake limejengwa juu ya kazi ya akili katika kuwaza. Sayansi iliyotuletea troma ilipofika kijijini iliketi na wanawake kuyashughulikia mawazo, tena katika kundi. Wazee wa Jamaa wasingeshangaa.

8. Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba msamiati wa uchungu ni sehemu ya uchungu wenyewe, na pia sehemu ya tiba. Haulishi wenye njaa wala hausimamishi bunduki; anayetafsiri vizuri neno huku watu wanakimbia hajamaliza vita. Lakini kuna sehemu ya mateso iliyo mikononi mwetu sisi tunaofundisha, kutafsiri na kutangaza kwa Kiswahili, na juu ya sehemu hiyo tunapendekeza mambo manne.

Kwanza, katika matangazo na mafunzo ya afya tuanze na mawazo, kisha tufike kwenye jina la ugonjwa. Tusianze na jina. Mtu avuke mlango anaoujua ndipo aonyeshwe vyumba.

Pili, turudishe vitenzi: ninasononeka, moyo wangu unavunjika, mawazo yamenizidi. Kitenzi kina wakati, na penye wakati pana uwezekano wa kwisha. Mtu asiitwe kwa jina la jambo lililompata. Aliyeumizwa na vita ni mtu aliyeumizwa na vita. Maneno ni marefu, lakini mtu bado yumo ndani yake.

Tatu, tufundishe ngazi za neno. Kati ya niko na mawazo na mawazo yamenizidi kuna hatua, na kati ya hapo na nimechoka kuishi kuna hatua nyingine ambayo haipaswi kupita bila mtu kusimama. Anayesikia sentensi hiyo ya mwisho asiijibu kwa methali. Amwulize waziwazi kama anafikiri kujiua, akae naye, na amsindikize kwa wanaoweza kumsaidia.

Nne, wanafunzi wetu wakusanye maneno haya katika miji na vijiji vyao kabla ya watunga istilahi kuketi mezani: watu wa Uvira husemaje, watu wa Kindu, watu wa Kalemie, wa Bunia? Kamusi ya namna hiyo ingekuwa na manufaa kwa mtaalamu wa isimu na kwa muuguzi pia.

Tumeanza na mwalimu aliyesahihisha mawazo mingi kuwa mawazo mengi. Hakukosea, ngeli ni ngeli, nasi tutaendelea kuzifundisha. Ila siku nyingine, akiisikia sentensi ile kutoka kwa mwanafunzi mwenye macho mekundu, tunamwomba asahihisho alichelewe kidogo, avute kiti, na aulize kwanza: mawazo gani?